Mitungi Mitatu Chini ya Sakafu

Chukua chumba cha mita 3 kwa 4, kama duka la kawaida katika soko la Kakuma au chumba cha kulala mjini Lodwar. Ukitaka kukiwekea skridi, lile tabaka la kusawazisha sakafu, ya unene wa sentimita 5, karai 1 la simiti kwa 4 za mchanga, utahitaji mifuko 4 na ushei ya simiti na mitungi 6 hivi ya maji, ile ya lita 20. Simiti inapogeuka jiwe hufunga ndani yake maji yenye uzito wa karibu robo ya uzito wake. Kwa chumba hiki ni lita 50 na kitu. Maji hayo hayatoki tena. Yamekuwa sehemu ya jiwe. Yaliyobaki, mitungi 3 mizima, yamejificha katika vitundu vya skridi ambavyo jicho haliwezi kuviona.

Njia yao ya kutoka ni kupanda hadi juu na kuchukuliwa na hewa. Kwa hiyo kabla ya kugandisha kapeti ya mpira, kupiga sakafu ya mbao au kupaka rangi ya epoksi, usiulize kama sakafu inaonekana kavu. Uliza ile mitungi 3 imefika wapi.

Nimeona swali hili likiulizwa kwa kuchelewa, katika chumba kimoja cha kujifungulia. Skridi ilimwagwa, na baada ya siku 10 ilikuwa nyeupe kama unga. Kila mmoja wetu, nami nikiwemo, aliipapasa kwa kiganja na kuipitisha. Kapeti ikagandishwa. Haikumaliza miezi 2: ilitoka malengelenge, gundi ikawa uji unaonuka, maungio yakafunguka. Mahali ambapo mtoto anapokelewa duniani pakawa na mianya ya kuhifadhi damu na uchafu. Tulibandua yote na kuanza upya, na tangu siku hiyo sijaipitisha sakafu kwa kiganja.

Wiki ya kwanza, izuie isikauke

Miongozo ya kukausha sakafu iliyoandikwa katika nchi za baridi hukuhimiza ufungue madirisha hewa ipite. Huku kwetu anza kwa kuyafunga. Lodwar hufikia nyuzi 35 na zaidi karibu kila mchana wa mwaka, mvua ya mwaka mzima ni milimita 200 hivi, na kuna upepo. Upepo huo hutoka kusini-mashariki na kubanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya, ukapata kasi kama maji yaliyobanwa kwenye mfereji. Kinuthia na Asnani waliueleza kitaalamu mwaka 1982, na ndio unaozungusha mitambo 365 ya umeme kule upande wa Loiyangalani, ng'ambo ya Ziwa Turkana. Kwa skridi mbichi, upepo huo ni mwizi.

Wahandisi wa zege huanza kuhofia nyufa pale uso mbichi unapopoteza kilo 1 ya maji kwa kila mita mraba kwa saa. Tia katika hesabu yao joto la nyuzi 35, unyevu wa hewa wa asilimia 30 na upepo wa kilomita 24 kwa saa, na jibu linakuja kilo 2. Kumbuka kwamba kila mita mraba ya skridi yetu ina lita 10 tu. Kasi hiyo hupungua uso ukishakauka, lakini kufikia hapo simiti ya juu imekwisha kufa kwa kiu. Haitapata tena maji ya kugeuka jiwe. Utaijua sakafu ya namna hiyo kwa vumbi lisiloisha kila ukifagia, kwa nyufa nyembamba kama nywele, na kwa pembe zilizojikunja, ambazo ukizigonga hulia kama debe tupu.

Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa sababu tumezoea neno moja, kukauka, kwa mambo mawili. Kuna kukomaa, ambako simiti inahitaji maji yabaki ndani. Na kuna kukauka, ambako maji ya ziada yanatakiwa yatoke. Ukiharakisha la pili unaliua la kwanza.

Basi mwaga skridi saa 11 jioni jua likilala, au anza saa 10 alfajiri umalize kabla halijapanda. Ulowanishe kwanza msingi wa zege ulio chini, usiwe na madimbwi, ili usiinyonye skridi. Ziba milango na madirisha kwa turubai. Mara tu kidole kikigusa bila kuacha alama, tandaza nailoni juu ya sakafu yote, pishanisha kingo zake na uzilaze chini ya mchanga upepo usiingie. Iache hivyo siku 7.

Fundi atakuambia hapana haja ya nailoni, tutamwagilia asubuhi na jioni. Anayosema yanafanya kazi penye bomba. Lakini katika kaunti ya Turkana, ambako mama hutembea hadi laga, yaani mto wa msimu uliokauka, akachimba mchanga na kuchota maji kwa kikombe, sioni sababu ya kuyamwaga sakafuni yakapeperushwa saa hiyo hiyo. Nailoni inayalinda yale yaliyomo tayari, na ukimaliza unaikunja ukatumie chumba kinachofuata.

Maji ya kuchanganyia nayo yapunguze. Finyanga konzi moja ya mchanganyiko: ukifungua kiganja ubaki na umbo lake bila kuchuruzika. Kila ndoo ambayo kijana wa mkono anaongeza ili mwiko uteleze vizuri, wewe ndiye utakayeingojea itoke. Na uyaonje. Visima vingi vya Turkana vina chumvi. Hata hazina ya maji ya Lotikipi iliyotangazwa kwa shangwe mwaka 2013 ilikuja kupimwa ikakutwa na chumvi nyingi. Maji yanayouma ulimi, au mchanga wa laga wenye weupe weupe, yatakuachia sakafu inayovuta unyevu wa hewa kila mvua inapokaribia, na yatavidanganya vipimo kwa namna nitakayoieleza.

Baada ya siku 7, mfungulie mwizi mlango

Ukiondoa nailoni, upepo unageuka rafiki. Fungua kila kitu. Kanuni ya zamani ya Waingereza inasema skridi hukauka milimita 1 kwa siku hadi unene wa milimita 50, na kupita hapo kila milimita inataka siku 2. Kwa hiyo sentimita 5 ni siku 50, na sentimita 7 na nusu ni siku 100, wala si 75. Kanuni hiyo ilitungwa kwa hewa ya nyuzi 20 hivi, na sakafu ya Lodwar mwezi Januari kwa kawaida itaitangulia. Itaitangulia kwa kiasi gani, kalenda haiwezi kukuambia.

Sababu ni kwamba upepo haufiki chini. Mwanzoni maji hupanda kwenye vitundu kama mafuta kwenye utambi wa koroboi, na sakafu hukauka haraka. Kisha ule uzi wa maji hukatika karibu na uso, na kuanzia hapo yaliyo chini lazima yageuke mvuke na kujipenyeza kidogo kidogo. Hewa kavu ya Turkana inaharakisha sehemu ya kwanza sana, na ya pili kidogo tu. Matokeo yake ni tofauti kubwa kati ya juu na chini kuliko ile ambayo ungeiona Mombasa: ngozi kavu kabisa, tumbo bado bichi.

Wanaoleta mahindi kutoka Kitale wanalijua jambo hili bila kufundishwa. Mnunuzi makini haangalii punje za juu ya gunia. Huchoma chuma chenye mfereji hadi katikati, akapima unyevu wa alichotoa, na ukizidi asilimia 13.5 anakataa. Gunia ambalo juu ni kavu na katikati ni bichi, ukilifunga na kuliweka ghalani, ubichi husambaa hadi kote. Ndivyo inavyokuwa kwa sakafu ukiifunika. Maji yaliyo chini hayana tena pa kutokea, yanajisawazisha polepole, na uso ulioupapasa ukiwa mkavu unalowana upya chini ya gundi.

Niru inaongeza tatizo. Ule uji wa simiti unaosuguliwa kwa mwiko wa chuma hadi ung'ae ni mzuri kwa sakafu itakayobaki wazi, lakini unaziba vitundu. Kama unajua utatandika kitu juu, mwambie fundi asawazishe kwa kibao cha mbao na aishie hapo.

Halafu kuna maji yasiyotoka kwenye mitungi yako. Skridi iliyolala juu ya udongo bila nailoni chini yake inanyonya kutoka ardhini, na haitakauka hata ukingoja miaka. Mji wa Lodwar uko kati ya Turkwel na laga ya Kawalase. Kakuma imekaa kando ya Tarach. Mito hiyo ikija kwa kishindo, udongo hubaki na maji muda mrefu baada ya barabara kukauka. Nyumba nyingi za Kakuma, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992, na hata baadhi ya vyumba vya makazi jirani ya Kalobeyei, zina sakafu nyembamba juu ya udongo ulioshindiliwa. Ukiona unga mweupe ukichomoza kando ya kuta, ni chumvi iliyopandishwa na maji ya chini. Hapo usitandike kapeti ya kugandisha kabisa. Tumia mkeka unaoweza kuinuliwa na kuanikwa. Kwa jengo jipya, nailoni nene chini ya zege ni gharama ndogo kuliko zote utakazoingia.

Pima maji isiyopima maji

Kila fundi ana pima maji, naye atakuonyesha kwa fahari jinsi kile kiputo kinavyosimama katikati. Kinapima usawa. Maji yaliyomo sakafuni yanahitaji kifaa kingine, na vifaa hivyo vinatofautiana sana kwa uaminifu.

Kipimo cha chini kabisa ni kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita, kilichogandishwa kingo zote kwa selotepu pana na kuachwa walau saa 16. Ukikuta matone au doa jeusi, sakafu ni mbichi, hakuna mjadala. Ukikuta hakuna kitu, hujajua lolote. Huku kwetu tahadhari hiyo ni muhimu zaidi, kwa kuwa sakafu na hewa vikiwa na joto la nyuzi 35 mvuke hauna mahali baridi pa kugandia. Chungulia alfajiri, nailoni ikiwa imepoa, wala usiweke kipimo mahali panapopigwa na jua.

Vile vifaa vya umeme vyenye sindano mbili vinapima jinsi umeme unavyopita, na chumvi hupitisha umeme. Sakafu iliyochanganywa kwa maji ya chumvi itasoma ubichi hata ikiwa kavu. Vitumie kutafuta kona iliyo mbichi kuliko nyingine, ili ujue pa kuweka kipimo cha kweli. Namba yenyewe usiitegemee.

Kipimo ninachokupendekezea, kwa sababu mtu yeyote anaweza kukifanya, ni cha kupima hewa iliyofungiwa juu ya sakafu. Utaratibu wa Uingereza unataka hewa hiyo isizidi unyevu wa asilimia 75 kabla ya kutandika kapeti ya mpira. Unahitaji kipima unyevu wa hewa, kama vile vidogo vya tarakimu vinavyowekwa kwenye mashine za kuangulia vifaranga, bakuli kubwa la kioo, pati ya madirisha, na blanketi.

Kwanza kithibitishe kipimo chako, maana vile vya bei rahisi hukosea kwa pointi kadhaa. Weka vijiko 2 vya chumvi ya mezani kwenye kifuniko, tia matone ya maji hadi iwe uji mzito, isiyeyuke yote. Ifungie pamoja na kipimo ndani ya mkebe usiopitisha hewa kwa saa 12, ndani ya nyumba. Hewa iliyo juu ya chumvi ya namna hiyo hukaa kwenye asilimia 75, joto liwe 20 au 35. Hupati bahati kama hii mara nyingi: chumvi ya jikoni inakupa namba ile ile unayoitafuta sakafuni. Kipimo kikisoma 79, kinazidisha 4. Andika mgongoni mwake na uziondoe kila mara.

Sasa fagia sehemu moja vizuri, weka kipimo, kifunike kwa bakuli lililogeuzwa, ziba ukingo wote kwa pati. Kulizunguka bakuli gandisha nailoni ya mita 1 kwa 1 yenye tundu la katikati, maji yasitorokee pembeni. Funika yote kwa blanketi ili joto la mchana na ubaridi wa usiku visilichezee. Ngoja siku 3, kisha inua blanketi kila alfajiri usome kupitia kioo, hadi siku 2 zifuatane na namba ile ile. Namba ikiendelea kupanda siku ya 4 na ya 5, ni maji ya chini yanawasili. Yaache yafike.

Ukiwa na jengo kubwa, shule au zahanati, dai kipimo cha tundu. Huchimbwa kwa drili hadi asilimia 40 ya unene, yaani sentimita 2 kwa skridi ya sentimita 5, vumbi likatolewa, bomba jembamba likaingizwa na kuzibwa, na baada ya saa 24 kipima unyevu kikasomwa ndani yake. Kina hicho kilichaguliwa kwa sababu unyevu wa pale unakaribiana na ule utakaokuja kuwa chini ya kapeti baada ya kila kitu kujisawazisha. Utaratibu wa Marekani unataka matundu 3 kwa mita mraba 100 za kwanza, kisha 1 kwa kila 100 zinazoongezeka. Yaelekeze penye kivuli, penye unene mkubwa, na karibu na ukuta wa bafu. Mwenye kuuza sakafu atataka kupima mlangoni, panapopigwa na upepo.

Kabaidi unaijua. Mafundi wa kuchomelea kwa gesi huitumia, na wapo wanaoivundikia ndizi. Ikikutana na maji hutoa gesi ya asetilini, na maji yakiwa mengi, gesi huwa nyingi. Juu ya jambo hilo kumejengwa chupa ya chuma yenye saa ya kupima mkandamizo, ambayo wahandisi wa barabara huitumia kwa udongo na Wajerumani kwa sakafu. Huchongwa kipande cha skridi kwa tindo, kikapondwa haraka kabla hakijapoteza maji, gramu 50 zikapimwa na kutiwa ndani pamoja na kabaidi na mipira ya chuma, ikatikiswa na kusomwa baada ya dakika 10. Kwa chupa ya mililita 650, mkandamizo wa bari 1 ni karibu asilimia 2 ya unyevu, na asilimia 2 ndiyo mpaka wa skridi ya simiti. Fungulia chupa nje, mbali na jiko na sigara. Na ninakusihi usijaribu kuiga kipimo hiki kwa chupa ya soda. Itakupasukia usoni.

Huna chupa hiyo? Kipande cha sehemu ya chini ya skridi kilichopimwa kwenye mizani ya jikoni, kikakaushwa kwa joto la nyuzi 105 hadi uzito usipungue tena, nacho kitakuambia. Kama gramu 200 zimeshuka hadi 190, maji yalikuwa zaidi kidogo ya asilimia 5 ya uzito mkavu, na sakafu ina safari ndefu. Ila majibu ya tanuri huja juu kuliko ya kabaidi kwa asilimia 1 au zaidi, kwa sababu joto hilo huchomoa hata sehemu ya maji yaliyofungwa. Usichukue jibu la tanuri ukalilinganisha na mpaka wa kabaidi.

Vigae vya kubandikwa kwa simiti haviogopi unyevu kama mpira na mbao. Vinaogopa skridi inayoendelea kusinyaa, na wiki 4 hadi 6 kwa kawaida zinatosha. Rangi ya epoksi ni kinyume chake: hiyo soma maelezo ya mtengenezaji na ufuate namba yake, hata ikiwa kali kuliko 75.

Namba zako ziandike kwa chaki ukutani, tarehe na saa kando yake, palepale juu ya mahali ulipopima, ili fundi, mwenye nyumba na muuza kapeti wasome kitu kimoja. Kapeti usiiagize Eldoret ikiwa sakafu bado ni 88, maana lori likishafika na roli ziko juani, kila mtu atakushawishi kwamba 88 si mbaya. Pima, ngoja siku 7, pima tena mahali pale pale. Ukipata 75 au chini mara zote 2, piga simu Eldoret.